Hodi Katikati ya Mwaka

Wahenga wetu wametuachia methali mbili juu ya kuchelewa, na methali hizo hazipatani. Moja husema, "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako." Nyingine husema, "Kawia ufike." Ya kwanza ni fimbo ya kumwamsha mvivu, ya pili ni mkono wa kumwinua aliyechoka njiani. Zote mbili ni za kweli, lakini hazimfai mtu mmoja kwa wakati mmoja, na kazi ya kujua ipi apewe nani imeachwa kwetu tulio hai. Mimi ni mwalimu wa lugha hii, na methali ni sehemu ya riziki yangu. Hata hivyo, mwezi wa Desemba mwaka 2023, kijana mmoja alipohitaji ile ya pili, nilimpa ile ya kwanza, nikaifunika kwa maneno ya upole ili hata mimi mwenyewe nisiione.

Lilikuwa juma la sita la muhula. Nilikuwa ofisini nikisahihisha kazi za wanafunzi niliposikia hodi. Nikasema karibu. Akaingia kijana mrefu, begi begani, viatu vimeshika tope la mvua, akasimama karibu na mlango kama mtu asiyetaka kuchafua sakafu ya wengine.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nikusaidie nini?"

Akaniambia kuwa yu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, amekwisha andikishwa siku mbili zilizopita baada ya kulipa faini ya kuchelewa, na alikuwa akiomba kuingia katika darasa langu la fasihi. Nikamuuliza alikuwa wapi wiki zote zile. Akajibu, bila ya kuinua uso, "Nyumbani, mwalimu. Tulikuwa tunangoja malipo ya korosho."

Nikaitazama kalenda ukutani, nikaitazama na rundo la kazi mezani. Nikasema, "Darasa limekwisha kwenda mbali, mwanangu. Vikundi vimegawanywa na kila kikundi kina mada yake. Wewe pumzika kwanza, zoea mazingira, uwe unasikiliza tu. Mengine tutaona mbele."

Akasema, "Ahsante, mwalimu." Akatoka, akaufunga mlango polepole, kama mtu afungaye mlango wa chumba alimolala mgonjwa. Nikarudi katika kazi yangu nikiwa radhi na nafsi yangu. Nilidhani nimetenda wema.

Usiku ule sikupata usingizi. Kila nilipofumba macho nilisikia maneno yangu yakinirudia, na sauti iliyokuwa ikiyasema haikuwa yangu. Ilikuwa sauti ya mtu mwingine, katika lugha nyingine, miaka kumi na mitano nyuma. Na aliyekuwa amesimama karibu na mlango, begi begani, alikuwa mimi.

Mwaka 2007 nilipata nafasi ya kusoma shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Bayreuth, nchini Ujerumani. Bayreuth ni mji mdogo katika jimbo la Bavaria, wenye watu elfu sabini na kitu. Ulimwengu unaujua zaidi kwa ajili ya muziki wa Richard Wagner, ambaye jumba lake la maonyesho lilifunguliwa huko mwaka 1876. Sisi wa Kiswahili tunaujua kwa ajili ya jambo jingine. Chuo chake, kilichoanza kufundisha mwaka 1975, kimeifanya Afrika kuwa moja ya nguzo za masomo yake, na tangu miaka ya 1980 wataalamu wa Kiswahili wamekuwa wakikutana huko katika kongamano lao.

Mwaka wa masomo wa Wajerumani huanza mwezi wa Oktoba, kwa muhula wa baridi unaokwisha Machi. Kisha huja muhula wa joto, unaoanza Aprili. Nilitakiwa kufika Oktoba. Lakini Septemba ile mama yangu alishikwa na ugonjwa, nami ni mwanawe wa pekee. Niliandika kuomba nafasi yangu ihifadhiwe hadi muhula wa pili, na ombi langu likakubaliwa. Mama alifariki mwezi wa Januari mwaka 2008. Nilikaa Tanga hadi arobaini yake ikapita, nikafunga mzigo, na wiki ya kwanza ya Aprili nikashuka kutoka katika gari la moshi lililonitoa Nuremberg. Kulikuwa na theluji nyembamba iliyokuwa ikiyeyuka kabla ya kugusa ardhi.

Nataka msomaji aelewe vema tofauti ya kuingia mwanzo na kuingia katikati. Mtu aingiaye chuoni mwanzo wa mwaka huingia pamoja na ujinga wa wenziwe. Wote hawajui maktaba iko wapi, wote huingia katika jengo lisilo lao, wote huuliza swali moja mara mia, na katika kuuliza huko hufahamiana. Ujinga wa wengi ni sherehe. Ujinga wa mmoja ni aibu. Nilipofika mimi, sherehe ilikuwa imekwisha zamani. Katika ubao wa matangazo ilibandikwa picha ya wanafunzi wapya wa Oktoba, wamesimama juu ya ngazi, wanacheka, majani ya rangi ya dhahabu yameanguka miguuni mwao. Niliwajua wote kwa sura kabla hata mmoja wao hajanijua mimi. Walikuwa na mizaha yao, na meza yao katika bwalo la chakula, na majina ya utani waliyopeana. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu waliokwisha kutimia idadi.

Shida ya kwanza ilikuwa mahali pa kulala. Vyumba vya mabweni hugombaniwa na kuchukuliwa wakati wa Oktoba, na aliyekuja Aprili huandikwa katika orodha ya wangojao. Nikalala katika nyumba ya wasafiri huku nikitafuta. Hapo ndipo nilipoikumbuka hadithi ya mwalimu Goso, ambayo wengi wetu tuliipata utotoni. Goso aliangukiwa na tunda la mbuyu akafa, na wanafunzi wake wakaenda kumtafuta muuaji: wakamshika upepo wa kusi, kusi akawapeleka kwa kiambaza, kiambaza akawapeleka kwa panya, panya kwa paka, na safari ikaendelea hivyo. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Sheria ya nchi ile humtaka kila mkaazi aandikishe makazi yake serikalini. Nikaenda kujiandikisha, nikaulizwa anwani. Nikaenda kutafuta chumba ili nipate anwani. Mwenye nyumba akauliza hesabu yangu ya benki. Nikaenda benki, wakauliza karatasi ya makazi. Kibali cha kukaa nchini nacho kilingoja vyote vitatu, pamoja na bima ya afya. Wenye nyumba wawili waliyasikia matamshi yangu katika simu, wakaniambia chumba kimechukuliwa dakika ile ile. Labda ilikuwa kweli.

Aliyekata mnyororo ule alikuwa mtu asiyekuwapo. Mwanafunzi mmoja alikuwa amekwenda kusoma nchi nyingine kwa muhula mmoja, akataka mtu wa kukaa chumbani mwake hadi Septemba. Hiyo ni desturi iliyoenea sana miongoni mwa wanafunzi wa kule, nayo ni mlango mkuu wa waingiao katikati ya mwaka: mmoja aondoka, mwingine aingia katika nafasi yake. Kodi ilikuwa yuro 190 kwa mwezi. Nikapata kitanda chake, meza yake, vitabu vyake, na koti lake lililoning'inia nyuma ya mlango. Usiku wa kwanza niliwasha taa, nikaona koti lile, nikataka kumwamkia. Kwa miezi sita nililala katika umbo la mtu mwingine. Barua zilizoingia katika sanduku la posta zilikuwa zake. Jina langu liliandikwa kwa kalamu ya risasi juu ya kipande cha karatasi, chini ya jina lake.

Wapangaji wenzangu walikuwa wawili, nao walinipokea kwa adabu. Walinionyesha rafu yangu ndani ya jokofu, zamu yangu ya kufagia ngazi, na mapipa ya taka: hapa karatasi, hapa plastiki, hapa maganda, na chupa za vioo zipelekwe nje katika makasha makubwa, nyeupe mbali, kijani mbali, hudhurungi mbali. Baada ya saa nne usiku pasiwe na kelele. Kisha kila mmoja akaingia chumbani mwake, akafunga mlango. Katika nyumba yetu ya Tanga, mlango uliofungwa mchana ulikuwa na maana mbili tu: ama hakuna mtu, ama kuna msiba. Ilinichukua muda kujua kuwa kwao mlango uliofungwa hauna maana yoyote. Ni mlango tu.

Jumapili ya pili, kwa kutaka kuwa mpangaji mwema, nilibeba chupa zote za nyumba nikaenda kuzitupa katika makasha yale. Chupa ya tatu ilikuwa haijafika chini dirisha likafunguliwa ghorofani, na bibi kizee mmoja akapaza sauti, "Sonntag!" Yaani, Jumapili. Hakusema neno jingine. Nikasimama na mfuko mkononi, nimefadhaika, nisijue kosa langu. Kumbe Jumapili ni siku ya kimya, na kutupa chupa siku hiyo ni kuuvunja utulivu wa mtaa mzima. Jumatatu asubuhi bibi yule alibisha mlango wetu, akanipa kalenda ya kuzolewa taka ya mwaka mzima, amezungusha tarehe kwa wino mwekundu kwa mkono wake. Akanieleza siku moja moja, polepole, kwa maana Kijerumani changu kilikuwa cha miezi minane tu. Kalenda ile ilifika hadi Desemba. Nilipoitazama nilipata faraja ambayo sikuitarajia. Watu wote walionisalimia kwa adabu walikuwa wamenichukulia kuwa mpitaji. Aliyenikemea peke yake alikuwa amenihesabu kuwa nitakuwapo hadi Desemba.

Masomo yalipoanza, nilipata fundisho jingine. Mhadhara wangu wa kwanza uliandikwa saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa na woga wa mtu aliyekwisha kuchelewa miezi sita, nikaapa sitachelewa dakika moja. Saa nne kasoro dakika tano nilikuwa mlangoni. Ukumbi ulikuwa mtupu. Saa nne ikapiga, hapana mtu. Nikadhani nimekosea jengo. Nikakimbia katika jengo la pili, nikarudi, nikauliza, nikapanda ngazi zisizo zangu. Niliporudi ilikuwa saa nne na dakika ishirini na tano, ukumbi umejaa, mwalimu anasema, na vichwa vyote vikanigeukia. Baadaye mwenzangu mmoja alinionyesha herufi mbili ndogo katika ratiba, pembeni mwa saa: "c.t." Ni kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya "pamoja na muda". Katika vyuo vya Ujerumani, mhadhara ulioandikwa hivyo huanza robo saa baada ya saa iliyotajwa. Basi chuo chenyewe kilikuwa na uchelewevu wake ulio halali, umewekwa na wazee, unaheshimiwa na wote. Na mimi, kwa kuwahi, nikawa wa mwisho kufika.

Mhadhara ulipokwisha, kitu kikatokea kilichonishtua. Badala ya kupiga makofi, wanafunzi wote walikunja vidole wakaanza kugonga meza kwa konzi. Ukumbi ukanguruma. Nilidhani wamemkasirikia mwalimu, kisha nikadhani wamenikasirikia mimi. Hiyo ndiyo namna yao ya kushukuru. Lakini sikio langu, lililolelewa pwani, halikuweza kuisikia sauti ile ila kwa namna moja: watu mia wanabisha hodi kwa pamoja, na hapana hata mmoja anayejibu karibu.

Baada ya siku hizo nilikuwa nikienda mara kwa mara katika bustani ya mimea ya chuo, upande wa kusini wa viwanja vyake, penye nyumba za vioo zilizotiwa joto. Ndani yake hukua mimea ya nchi zetu. Ulikuwapo mgomba, nami nilisimama mbele yake kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Chini yake palikuwa na kibao chenye jina lake kwa Kilatini. Nikafikiri: hata mgomba huu umepewa kibao cha jina, ila mimi jina langu liko kwa kalamu ya risasi.

Pigo lililoniuma zaidi lilikuwa la upole. Katika semina moja, kila mwanafunzi alikuwa na mada ya kusoma mbele ya wenziwe, na mada ziligawanywa tangu muhula uliopita. Nilimwendea mwalimu wa semina ile, nikaomba nami nipewe moja. Alikuwa mtu mwema, na alisema kwa wema wote: "Wewe umefika sasa hivi tu, na umepatwa na msiba. Usijitaabishe. Pumzika, zoea mazingira, uwe unasikiliza tu." Nikasema ahsante, nikafunga mlango polepole.

Kwa nini maneno yale yaliniumiza, ilhali hayakuwa na ubaya? Nilitafakari sana, na jibu nikalipata katika methali ambayo kila mtoto wa Kiswahili anaijua: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuicheka methali hii kama kwamba ni ya ubahili, kama kwamba mwenyeji amechoka kulisha. Ugenini niliisoma upya. Siku mbili za mwanzo mgeni hupewa mkeka mzuri na chakula kizuri, naye hukaa akitazama wengine wakienda shamba na kurudi. Heshima hiyo ni tamu, lakini ina ukuta. Siku ya tatu anapopewa jembe, ukuta huvunjika: sasa ana mstari wake shambani, ana jasho lake katika chakula, na akikosea ataambiwa amekosea. Jembe ni heshima kubwa kuliko mkeka. Aliyeingia mwanzo wa mwaka hupewa jembe siku moja na wenziwe wote. Aliyeingia katikati huachwa juu ya mkeka kwa huruma, hata huruma ikawa kifungo. Wiki zile nilikuwa nimepewa kila kitu ila jembe. Ningalikata tamaa, na kwa hakika nilikwisha kuuliza bei ya tiketi ya kurudi.

Kongamano la Kiswahili ndilo lililoniokoa. Lilikaribia, na watu wa kuliandaa walikuwa wachache kuliko kazi zake. Mwanamke mmoja aliyekuwa katika maandalizi alinikuta maktabani, akaniuliza kwa Kiswahili fasihi, "Wewe unajua njia ya stesheni?" Nikasema najua. "Basi utawapokea wageni. Na asubuhi utapanga viti, na kahawa iwe tayari saa tatu. Usichelewe." Hakuniuliza kama nimezoea. Hakunipa pole. Alinipa karatasi yenye majina na saa za magari ya moshi, akaondoka.

Siku ile nilisimama stesheni tangu asubuhi. Walishuka wataalamu ambao nilikuwa nimewasoma vitabuni tu, wengine kutoka Afrika Mashariki, wengine kutoka miji mbalimbali ya Ulaya, wakitazama huku na huko kama nilivyotazama mimi mwezi wa Aprili. Nikawaendea, nikasema, "Karibuni Bayreuth." Neno lilinitoka kabla sijalipima. Mgeni wa majuma machache alikuwa amekaribisha watu katika mji ambao bado haujamkaribisha. Nikawabebea mizigo, nikawapeleka hadi basi, nikawaonya juu ya maduka kufungwa Jumapili, na juu ya chupa, na juu ya robo saa ya halali. Mzee mmoja kutoka nyumbani alitazama jua lililokuwa bado juu saa tatu usiku, akasema saa zetu za Kiswahili hazina kazi katika nchi hii. Nikamwambia, "Utazoea, mzee, mimi pia nilitatizika." Nikajisikia nikisema "nilitatizika", katika wakati uliopita, nikastaajabu.

Baada ya kongamano nilirudi kwa mwalimu wa semina. Safari hii sikuomba kuhurumiwa wala kuruhusiwa. Nilikwenda na mada yangu. Nilitaka kusema juu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili mwaka 1900, ambaye maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, na ambaye alifia huko huko Berlin mwaka 1927. Mwalimu alinitazama kwa muda, kisha akafungua ratiba yake, akaandika jina langu kwa wino. Mwezi wa Julai nilisimama mbele ya watu wale wa katika picha. Nilisema kwa Kijerumani chenye makosa, na makosa mawili yakasahihishwa mbele ya wote, jambo lililonifurahisha. Nilipomaliza, wakakunja vidole, wakagonga meza. Nilikuwa nimeisikia sauti ile mara nyingi. Siku hiyo nilijua kuwa walikuwa wakibisha kwangu. Nikasema moyoni, karibuni.

Septemba mwenye chumba alirudi, nami nilimkabidhi koti lake likiwa limepigwa pasi. Oktoba nikapata chumba cha bweni, na wageni wapya walipokuja nilikuwa miongoni mwa waliowaongoza. Nilikaa Bayreuth hadi nikapata shahada ya uzamivu, nikarudi nyumbani, nikapewa ofisi yenye mlango, na kalenda ukutani, na watu wakaanza kunibishia hodi.

Hayo ndiyo niliyoyakumbuka usiku ule wa Desemba. Asubuhi nilimtafuta yule kijana. Kiongozi wa darasa hakumjua. Mabweni yalikuwa yamejaa tangu wiki ya kwanza, kwa hiyo hakuwamo humo; mwanafunzi mmoja akaniambia kuwa alikuwa akilala mtaani, nje ya geti, chumba kimoja na vijana wengine watatu, kwa kulipia sehemu ya sakafu. Nilikwenda siku ya tatu. Wenziwe wakasema amekwisha ondoka, amerudi kwao kusini. Wakanipa namba yake, nikampigia simu.

Aliniamkia vizuri. Nikamwambia arudi, nimemtafutia kikundi na mada ipo. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Nashukuru, mwalimu. Nimeona nisije kuwa mzigo. Nitarudi mwakani, Mungu akipenda." Nikasema si mzigo. Akasema tena ahsante. Ada aliyokwisha kulipa ilikuwa ya korosho ya mwaka mzima wa watu sijui wangapi, na mimi niliirudisha kijijini kwa sentensi moja ya upole.

Mwakani ulipofika niliitazama orodha ya majina, nikaitazama na ya pili yake. Jina lake halikuwamo. Nilimpigia tena, namba ilikuwa haipatikani.

Sisemi kwamba kila achelewaye ana haki ya kungojwa. Wako wavivu, na methali ya fimbo iliwekwa kwa ajili yao. Wala sisemi kwamba darasa lisimame kila mlango ufunguliwapo. Nasema kwamba anayebisha hodi katikati ya mwaka aghalabu amepita mahali pagumu kuliko sisi tuliokwisha kuketi, na huruma inayomketisha pembeni haimfai. Apewe ukurasa wa kusoma kesho. Apewe kiti kilicho kati ya watu wawili wenye majina. Akikosea, akemewe kama mtu atakayekuwapo hadi Desemba.

Muhula uliopita, katika wiki ya saba, alikuja msichana mmoja. Alikuwa amechelewa kwa kumuuguza baba yake. Alisimama karibu na mlango. Nilimwambia aketi, nikampa kitabu, nikamwambia, "Jumatatu utatusomea sura ya tatu mbele ya darasa na kutueleza mwandishi anataka nini." Akashtuka, akasema, "Mwalimu, mimi nimefika jana!" Nikamwambia, "Najua. Usichelewe."

Alitoka kwa haraka, kitabu kifuani, akasahau kuufunga mlango. Niliuacha wazi.